Karabati Stoo ya Nyumbani Kabla Mahindi Hayajaingia

Kila msimu mnaniuliza kuhusu mbegu, mbolea na bei. Stoo huwa haiulizwi mpaka mzigo umeshashika ukungu. Na tuseme ukweli, wengi wetu hatuna ghala. Tuna chumba kimoja cha nyumba ambacho msimu ukifika tunakigeuza stoo. Leo nazungumzia chumba hicho: nini kikarabatiwe, kianze kipi, na kwa nini.

Kwanza muda. Kama uko Nyanda za Juu Kusini na unavuna kuanzia Juni, kagua paa wakati mvua bado zinanyesha, na kazi ya saruji iishe angalau mwezi mmoja kabla ya kuingiza mzigo. Saruji mbichi ina maji mengi ndani yake, na sakafu mpya huendelea kutoa unyevu kwa wiki kadhaa hata kama juu inaonekana kavu. Ukipanga magunia juu yake, unyevu huo unapanda kwenye mahindi.

1. Anza na paa

Usipige plasta wala sakafu wakati paa linavuja, utarudia kazi. Ingia ndani saa sita mchana, funga mlango na madirisha, kisha angalia juu. Kila panapopenya mwanga, weka alama ya chaki kwenye mbao iliyo karibu. Mara nyingi tatizo ni misumari iliyolegea au mpira wake uliokauka. Ng'oa, weka msumari mnene zaidi wenye mpira mpya. Mwambie fundi apige msumari kwenye mgongo wa wimbi la bati, siyo kwenye bonde, maana bondeni ndiko maji yanakopita. Bati lililoliwa na kutu usilizibe-zibe, libadilishe.

2. Maji ya nje

Zunguka nyumba baada ya mvua. Maji yakituama karibu na msingi, ukuta utayanyonya kutoka chini kwenda juu, kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Dalili yake ni plasta inayomeguka na unga mweupe sehemu ya chini ya ukuta. Hapo kupaka rangi hakusaidii. Chimba kifereji cha kuondoa maji na jaza udongo ushindiliwe ili mteremko uelekee mbali na ukuta.

3. Nyufa na matundu

Ufa usizibwe juu juu. Upanue kwa patasi, toa vumbi, lowesha maji, halafu jaza mchanganyiko wa saruji 1 kwa mchanga 3. Kabla hujafanya hivyo, chora mstari wa penseli mwisho wa ufa na uandike tarehe. Ufa ukiuvuka mstari baada ya wiki chache, msingi unatembea, na hilo ni la kumwita fundi mzoefu.

Nyufa ni nyumba ya fukusi na dumuzi, yule tunayemwita Skania. Masalia ya msimu uliopita yanajificha humo yakisubiri mzigo mpya. Kwa hiyo fagia mpaka kwenye kenchi, choma uchafu wote, kisha paka ukuta chokaa. Kwenye ukuta mweupe utamwona mdudu mapema.

Panya naye: tundu ambalo kidole chako kinaingia, panya mdogo anapita. Ziba kwa saruji, weka wavu wa chuma kwenye madirisha, na pigilia kipande cha bati chini ya mlango.

4. Sakafu

Jaribio rahisi: tandika kipande cha nailoni sakafuni, bandika kingo zote kwa gundi ya karatasi, acha siku nzima. Ukikuta matone upande wa chini, unyevu unatoka ardhini. Dawa yake ya kudumu ni kutandika nailoni nzito, kisha kumwaga zege jipya juu yake na kulimwagilia siku 7 ili lisipasuke. Kama bajeti hairuhusu mwaka huu, tengeneza chaga za mbao zilizoinuka angalau sentimita 15, na acha nusu mita kati ya magunia na ukuta. Chaga fanya hata kama sakafu ni nzuri.

Juu pia acha nafasi kama mita moja. Usiku bati linapoa, hewa yenye unyevu inageuka matone, na matone yanadondokea mzigo.

5. Hili usilichukulie poa

Nyumba zetu nyingi kuta za ndani haziendi mpaka kwenye bati. Stoo na chumba cha kulala vinapumua hewa moja. Vidonge vya kufukiza nafaka vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo inaua watu kama inavyoua wadudu. Haizuiwi na mlango wala pazia. Sikushauri uvitumie kabisa kwenye nyumba wanayolala watu, hata kama umejenga ukuta mpaka juu na kuweka dari. Kwa stoo ya ndani tumia mifuko isiyopitisha hewa. Mdudu anakosa hewa anakufa, na wewe na watoto mnalala salama.

Hesabu yake

Stoo nzuri haikaushi mahindi mabichi. Yaingize yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Huna kipimo? Weka chumvi kavu na punje kwenye chupa kavu, tikisa, subiri dakika chache. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, rudisha mahindi juani.

Kwa nini nasisitiza? Unyevu unaleta ukungu, na ukungu unaleta sumukuvu. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa sababu yake. Na kibiashara, kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 tu za sumukuvu kwa kilo. Mnunuzi mkubwa akipima na kukuta umezidi, mzigo wote unarudi, hauuziki hata kwa bei ya chini.

Piga hesabu mwenyewe: kwenye gunia 100, ukipoteza 10 tu, hiyo ni tani nzima. Chukua bei ya tani kwenye soko lako, linganisha na misumari, mifuko michache ya saruji na ndoo ya chokaa. Kisha panda juu ukaangalie bati wiki hii, mvua zikiwa bado zipo.