Kabuti la Babu: Kabla Hujalibadilisha kwa Beseni

Mwenzangu uliyeolewa juzi juzi, hebu nikuulize: ukweni kwenu kuna nguo kuukuu ngapi ambazo hujui zilikotoka? Mimi nusura nigombane moja kwa moja na mume wangu kwa ajili ya beseni la plastiki.

Ilikuwa mwezi wa saba mwaka jana, tumeenda likizo Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui mkoani Tabora. Asubuhi kuna baridi ya kuuma mifupa. Nikajitia ukwe mwema, nikaanza kusafisha chumba cha uani. Chini ya sanduku nikakuta kabuti zito la kaki, limeliwa na nondo. Wakati huo huo akapita yule kijana anayebadilisha nguo za zamani kwa vyombo. Tumeshaelewana, beseni nimeshashika, ndipo mume wangu akatokea.

“Hilo ni kabuti la babu! Alilivaa Bama!”

Kijana akarudisha kabuti, akachukua beseni lake. Mume wangu hakunisemesha mpaka jioni.

Kiukweli nilimwelewa baadaye. Huku Unyamwezi, nguo iliyotoka safarini ina uzito wake. Karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo na kurudi na vitambaa. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, vijana wa Tanganyika wakasafiri tena, safari hii wakiwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles. Batalioni ya 6 ilipigana Ethiopia mwaka 1941 na Madagascar mwaka 1942. Batalioni za 26 na 36 ziliingia Burma mwaka 1944 zikiwa ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Ndiyo maana nyumba nyingi zina kabuti lenye hadithi.

Ila hadithi ni ya kweli? Jioni ile, kama njia ya kuomba msamaha, nilimwambia mume wangu: tukae mkekani, tulisome kabuti lenyewe. Na wewe unaweza.

Anza na lebo

Geuza koti, tafuta kipande cha kitambaa cheupe kilichoshonwa kwa ndani. Makabuti ya jeshi la Uingereza ya wakati wa vita yaliandikwa aina ya koti, saizi, jina la kiwanda na mwaka. Tafuta pia mistari mitatu iliyokutana juu, kama unyayo wa kuku. Huo ni mshale wa mali ya serikali ya Uingereza. Ukikuta namba ndefu ya tarakimu 13, huo ni mfumo wa NATO, na NATO ilianzishwa mwaka 1949. Vita ilishaisha zamani.

Angalia taji kwenye vifungo

Vifungo vya shaba vya jeshi hilo vina simba na farasi mwenye pembe moja, na juu yao taji. Enzi za Mfalme George wa Sita, aliyetawala wakati wa vita, taji lilikuwa la mviringo juu kama kuba. Enzi za Elizabeth wa Pili, aliyetawazwa mwaka 1953, taji likachorwa limebonyea katikati. Angalizo: Mfalme Charles amerudisha lile la mviringo tangu 2022, kwa hiyo kifungo kinachong'aa sana usikiamini haraka.

Kitambaa na manyoya

Chomoa uzi mmoja, uuchome mbali na koti. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kubaki majivu yanayosagika. Nailoni na poliesta huyeyuka na kuganda kidonge kigumu.

Kwenye mitumba utakutana pia na makoti ya ngozi ya kondoo, muuzaji akikuapia kwamba ni ya mabaharia wa vita. Ni kweli mabaharia waliosindikiza meli za mizigo hadi Murmansk, kwenye barafu ya kaskazini, walivaa makoti ya aina hiyo. Lakini tenganisha manyoya kwa vidole. Yakiwa yameota kwenye ngozi, sawa, ni kondoo. Yakiwa yamefumwa kwenye kitambaa, ni ya kiwandani. Na ukiona kibendera cheusi, chekundu na dhahabu kwenye mkono, hilo ni la jeshi la Ujerumani lililoundwa mwaka 1955.

Na letu je?

Lebo ilishafutika. Tukasugua kifungo kwa majivu. Taji lilikuwa limebonyea katikati.

Mume wangu alinyamaza. Kisha akasema, “Labda vifungo vilibadilishwa.” Hoja nzuri, maana vifungo hubadilishwa kweli, na alama moja peke yake haitoshi. Tukampelekea bibi, ambaye amevuka miaka tisini.

“Nani kawaambia la Bama?” akauliza. “La Bama alilirudisha walipomwachisha jeshi. Hili alilinunua alipopata kazi ya kulinda ghala la tumbaku usiku. Baba yenu kasomeshwa na kabuti hili, wajukuu zangu.”

Niliona mabega ya mume wangu yakishuka. Alikua akijua habari za shujaa wa Burma, na babu alikuwa huko kweli. Ila za yule mlinzi aliyekesha miaka yote ile ili baba yake apate ada, hakuna aliyewahi kumsimulia.

Jambo moja la muhimu: usilivae mtaani kwa mikogo. Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku saba kwa raia wenye mavazi ya jeshi au yanayofanana nayo wayasalimishe. Kama lako lina sura ya kijeshi, uliza kwanza polisi au kambi iliyo karibu kabla ya kulivaa au kuliuza.

Letu tulilianika juani, tukalikung'uta nondo, na likarudi sandukuni kwa bibi, likiwa na karatasi yenye maneno yake. Wewe na mwenzako mnaweza kufanya hivyo hivyo wikiendi hii, maadam wazee wapo wa kuulizwa.

Beseni? Nilinunua kwa hela yangu.