Fulbeki: Msee wa Kufungua Njia

Hii ni yenu wasee wa Masisi, mlio Kayole pale Nairobi, mlio Goma, na nyinyi mlioshakanyaga majuu. Tukiongea michezo ya Marekani, sisi wa Kivu jina ni moja tu: Jonathan Kuminga, mtoi wa Goma, alichukuliwa na Golden State Warriors 2021 kama nambari 7, na 2022 akavaa pete ya ubingwa. Tangu hapo kila kijana mrefu anasukumwa kwa basketi. Poa. Lakini wewe wa kimo cha kawaida, uliyelelewa na viazi na maziwa ya Masisi, mapaja yamejaa kwa kupanda milima tangu utotoni, unaenda wapi?

Huko Louisville ama Dallas, kwa shule ya sekondari, kocha wa futiboli yao ile ya helmeti atakucheki mara moja tu. Atasema: fulbeki.

Usidhani ni ile ya soka ya kukaba winga. Hii ni ya kushambulia. Timu iko na wasee 11 uwanjani, na machansi 4 ya kusongesha mpira yadi 10, kama mita 9 hivi. Kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi, anampa mpira ranibeki, yaani mkimbiaji. Sasa mbele ya ranibeki kuna huyu buda mmoja mfupi mnene, hana mpira, hatafuti mpira. Anatafuta laini-beka wa kilo 110 anayekuja mbio kutoka upande ule mwingine, anamgonga kifuani, nafasi inafunguka, ranibeki anapita. Kwa msitu wa Walikale huyo ndiye angekuwa msee wa mbele mwenye panga, na wa nyuma mwenye mzigo ndiye analipwa. Mpira wenyewe fulbeki anaonjanga pale imebaki yadi moja, na hapo uwanja mzima ushajua anapewa.

Mkongo mmoja aliyeng'aa sana kwa hii gemu alikuwa yule wa nyuma mwenye mzigo. Anaitwa Tshimanga Biakabutuka, Wamarekani wakamkatia jina likawa Tim. Alizaliwa Kinshasa 1974, familia ikahamia Kanada, akakulia upande wa Montreal, na futiboli aliianza akiwa kijana mkubwa tayari. Chuo Kikuu cha Michigan kikamchukua. Tarehe 25 Novemba 1995 wakakutana na Ohio State, timu iliyokuwa haijapigwa na mtu msimu wote. Boi wetu akabeba mpira mara 37 na kukimbia yadi 313. Yadi 313, maze! Michigan wakashinda 31 kwa 23, na Ohio State wakaenda nyumbani na msimu wao umeharibika. Mpaka leo kule Michigan hiyo siku inachapwa stori. Lakini uliza mtu nani alikuwa anamfungulia zile nafasi, uone venye watu wananyamaza.

Mwaka uliofuata Carolina Panthers wakamchagua nambari 8 kwa drafti nzima, ule uchaguzi wa wachezaji wapya wa mapro. Ganji ikaingia, na msimu huohuo wa kwanza goti likakatika. Pale Carolina fulbeki alikuwa Howard Griffith, na hapa ndio nataka ukae kidogo, ju hii ndio stori yenyewe. Griffith 1990, akichezea Illinois, alifunga tachdauni 8, yaani goli zao, kwa mechi moja. Nane! Hiyo ni rekodi ya kufanya msee ajengewe sanamu. Alafu akafika kwa mapro, akaambiwa mpira hutaupata sana, kazi yako ni kugonga watu. Akakubali. 1997 akaenda Denver Broncos, akawa anamfungulia njia Terrell Davis, na 1998 Davis akakimbia yadi 2,008 kwa msimu mmoja. Denver wakabeba Super Bowl, ile fainali ya ligi, mara mbili mfululizo. Davis akaingia kwa jumba la wakubwa wa gemu. Griffith akabaki na pete zake mbili.

Huyo ndiye namheshimu kuliko wote. Mtu ambaye hajawahi kung'aa akikubali kivuli, hiyo ni kawaida. Griffith alikuwa ameshaonja taa.

Biakabutuka naye aliendelea kupambana. 1998 Panthers wakamletea William Floyd, fulbeki aliyebeba Super Bowl na San Francisco kwa mwaka wake wa kwanza kabisa. 1999 ikawa msimu mzuri wa Tshimanga, yadi 718, kila akishika mpira, kwa wastani, anatoka na zaidi ya yadi 5. Floyd hapo mbele akipasua. Alafu 2001 mguu ukakataa kabisa, kazi ikaisha akiwa na miaka 27. Miaka 27 wewe hapo Kayole bado unaitwa kijana.

Kama unataka kujua fulbeki anaweza kudumu aje, angalia Lorenzo Neal. Misimu 16, timu 7. Kuanzia 1997 hadi 2007, miaka 11 bila kuruka, kila timu aliyokuwa nayo ilitoa ranibeki wa kupita yadi 1,000. Majina ya nyuma yake yalibadilika, timu zikabadilika, yeye ni yuleyule. Hapo hata mtu wa hesabu anaona nani alikuwa siri.

Sasa tuongee chapaa, ju najua ndio mnangoja. Mgeni wa NFL, ligi yao ya mapro, mwaka 2025 alikuwa hashuki chini ya dola 840,000 kwa msimu. Kyle Juszczyk, fulbeki aliyesoma Harvard, 2017 alisaini miaka 4 kwa dola milioni 21 na San Francisco 49ers. Inabamba, si ndio? Lakini hiyo ni ncha. Timu nyingi siku hizi hazina fulbeki hata mmoja, zinapenda kurusha mpira juu na kujaza wapokeaji wepesi. Viti vyenyewe ni vichache. Jakob Johnson wa Stuttgart, Ujerumani, alipita kwa mpango wa NFL wa wachezaji wa kigeni, na 2019 akawa fulbeki wa New England Patriots, so mlango upo, ila ni mwembamba. Msee wetu wa Nairobi, Daniel Adongo, alitoka raga akaingia Indianapolis Colts 2013, na kufikia 2015 walikuwa wameshamwachilia. Nayo futiboli ya flagi, itakayoingia Olimpiki ya Los Angeles 2028, haina kugongana, kwa hivyo fulbeki hana kazi hapo.

Alafu kuna hii ngori ya kichwa, na sitaipamba. Kevin Turner alikuwa fulbeki wa Patriots na Philadelphia Eagles, misimu 8, kati ya 1992 na 1999. 2010 madaktari wakamwambia neva zinazoendesha misuli yake zinakufa. Akasimama mbele ya kesi ya wachezaji wa zamani dhidi ya ligi, ile iliyoisha kwa fidia ya zaidi ya dola bilioni moja. Machi 2016 akafa, miaka 46. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Boston walipochunguza ubongo wake walisema ugonjwa ulitokana na kugongwa kichwa tena na tena. Kugonga ndio ilikuwa kazi yake, kila siku ya mazoezi, kila Jumapili.

Familia zetu hazikufika Marekani kwa raha. Wengi walitoka Masisi miaka ya 1990, wakakaa kambi za Gihembe na Kiziba kule Rwanda miaka na miaka wakingoja ndege. Na kuanzia Januari 2025, wakati Masisi-centre na Goma zinaanguka mikononi mwa waasi wa M23, Marekani nayo ikafunga mlango wa wakimbizi. Kwa hivyo wewe uliyeshapita, huo mwili wako ni wa watu wengi.

Mimi msimamo wangu: cheza, kama skolashipu iko mezani, na uifuate hadi digrii. Usicheze ju ya NFL. Ukigongwa kichwa ukasikia kizunguzungu, sema, hata kocha akinuna. Na kule shuleni mzazi lazima asaini karatasi kwanza, so mathe akikataa, usimfokee. Kaa naye chini, mweleze kwa lugha ya nyumbani huyu Griffith alikuwa nani, mweleze na Turner pia bila kuficha, alafu muamue pamoja.