Feni za Kale na Ufundi wa Kuzifufua

Feni ya kwanza ya umeme ya mezani ilibuniwa Marekani mwaka 1882 na Schuyler Wheeler. Ilikuwa na mapanga mawili tu, bila chochote cha kukinga vidole. Zinazosakwa zaidi na wakusanyaji ni za baadaye kidogo, za kampuni kama General Electric, Westinghouse na Emerson: mwili wa chuma cha kusubu, mapanga na wavu wa shaba ya manjano, uzito wa kuchosha mkono.

Mnunuzi husoma kwanza kibao kilichobandikwa kwenye mota. Hapo wengi huteleza, kwani mwaka ulioandikwa mara nyingi ni wa hataza, si wa kutengenezwa.

Matengenezo huanza na waya. Mpira uliofunikwa kwa kitambaa hukauka. Ukiukunja unapukutika kama majivu, na feni ikichomekwa hivyo yaweza kuunguza nyumba. Waya zikishabadilishwa, mafuta yaliyoganda kwenye bushi hufutwa na kuwekwa mapya, mepesi. Shaba husuguliwa taratibu, maana panga moja likipinda hata kidogo, feni nzima hutetemeka.

Kwa wanaofufua vifaa vya kale, hita za umeme ni shauri jingine. Zilishika kasi baada ya Albert Marsh kupata hataza ya nikromu mwaka 1906, waya unaoiva mwekundu bila kukatika upesi. Baadhi ya hita za kale zina asbestosi, na vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Hita ya namna hiyo ibaki kabatini kama pambo. Isifunguliwe wala kuchomekwa.