Ardhi ya Sanamu Ndogo

H. G. Wells wa Uingereza alipochapisha Little Wars mwaka 1913, kitabu cha kanuni za kupiganisha askari wa risasi sakafuni, hakushughulika sana na ardhi waliyoikanyaga askari wale. Vitalu vya mbao vya watoto na vijiti vya miti vilivyochomekwa vilitosha kuwa mji na msitu. Warithi wa mchezo wake wamekuwa wateuzi zaidi. Leo sanamu ya askari, yenye kimo cha takriban milimita 28, hupakwa rangi hata katika mboni ya jicho, kisha husimamishwa juu ya kitako cha duara chenye upana wa milimita 25 au 32. Na kitako hicho kikiachwa kitupu, shujaa aliyetaabikiwa siku nyingi huonekana amesimama juu ya kifungo cha koti.

Haja hiyo ndiyo iliyozaa biashara ya kuuza ardhi kwa kikopo, yaani uji mzito wenye changarawe ndani yake, ambao bei yake humtisha mtu mwenye jeshi kubwa. Siwalaumu wauzaji, maana anayenunua uji ule hununua wakati. Walakini asiye na fedha za ziada asidhani kwamba amefungiwa mlango, kwa kuwa kikopo kile hakina kitu illa chembe ngumu, gundi na rangi, navyo vyote vitatu hupatikana kwa rakhisi. Chukua vijiko 2 vya mchanga, kijiko 1 cha gundi nyeupe ya maseremala, na rangi ya akriliki ya kahawia kiasi cha kuugeuza mchanganyiko mzima; koroga mpaka ukae juu ya kijiti bila ya kudondoka, kisha upake kwa kijiti hicho hicho, ukiikwepa miguu ya sanamu. Jasi kidogo huongeza uzito. Mchanga wa pwani sharti uoshwe kwa maji matamu mara kadhaa, kwani chumvi iliyobaki huvuta unyevu na kuibandua rangi.

Ustadi wenyewe umo katika kipimo. Mtu mzima akipunguzwa hadi milimita 28 huwa amegawanywa takriban kwa 60. Kwa hiyo chembe ya mchanga yenye upana wa milimita 1 ni, kwa askari yule, jiwe la sentimita 6 linaloenea kiganjani, na kokoto ya milimita 5 ni jiwe la sentimita 30 ambalo angejikwaa nalo gizani. Ndiyo maana kitako kilichojaa mchanga wa ukubwa mmoja hakimdanganyi mtazamaji, maana ardhi ya kweli ina vumbi, changarawe na mawe, na mawe huwa machache kadiri yanavyozidi ukubwa. Chekecha mchanga kwa chujio la chai, uweke laini mbali na mnene mbali. Bandika kwanza kokoto 2 au 3, si katikati bali pembeni, kisha changarawe kandokando ya kokoto hizo, kama zilivyo chini ya majabali, na mwisho vumbi mahali pote palipobaki.

Jikoni nako mna vitu maridhawa. Majani ya chai yaliyokwisha kutumika, yakianikwa juani mpaka yalie yakifinywa, huwa majani yaliyopukutika msituni, na machicha ya kahawa huwa udongo mweusi; lakini yakitumiwa na unyevu huota ukungu, na hapo hakuna dawa illa kukibandua kitako chote. Ganda la yai huoshwa, likaondolewa utando wake wa ndani, likabandikwa juu ya gundi na kukandamizwa kwa kidole: hupasuka lenyewe, vipande vikikaa ubavu kwa ubavu na nyufa baina yao, na hapo pana sakafu ya mawe ya kasri lililobomoka.

Wachezaji wa Ulaya hukata mazulia ya mlangoni ya usumba wa nazi ili kupata mashamba ya ngano. Msomaji wa pwani hana haja ya zulia. Kumbi moja lililotupwa nyuma ya nyumba lina nyuzi za kutosha jeshi zima. Zifunge chache kwa uzi, uchovye shina katika gundi, na ncha uzikate zisilingane.

Soda ya kuokea ikinyunyizwa juu ya supaglu huigandisha papo hapo, kwa joto na moshi unaochoma macho, basi dirisha liwe wazi. Wengine huifanya theluji. Mimi siipendelei, kwa kuwa yaweza kugeuka manjano.

Gundi ikikauka usiku kucha, paka rangi ya giza iliyozimuliwa kwa maji, iingie mashimoni. Nayo ikikauka, chovya brashi katika rangi ya mchanga, uifute karibu yote kitambaani, kisha uipitishe juu juu, ili ncha za chembe peke yake zishike nuru. Ukingo wa kitako hupakwa rangi moja iliyotulia, kahawia au nyeusi, tena baada ya mengine yote, kwani ndio unaoshikwa na mkono kila askari anaposogezwa.