Mashine ya Oksijeni Nyumbani: Umeme Upangwe Kabla ya Mgonjwa Kurejea

Baadhi ya wagonjwa wa mapafu, hususan walioachiwa makovu na kifua kikuu au waliopikia kuni kwenye moshi kwa miaka mingi, huruhusiwa kutoka hospitalini wakiwa bado wanahitaji oksijeni. Mashine inayotumika nyumbani haina akiba ya gesi hiyo. Huvuta hewa ya chumbani, ambayo oksijeni yake ni asilimia 21 tu, huitenga naitrojeni, kisha humpelekea mgonjwa oksijeni kwa mrija wa puani. Umeme ukikatika, oksijeni nayo hukatika.

Kwa kawaida mgonjwa wa muda mrefu huelekezwa kuitumia kwa saa zisizopungua 15 kwa siku, za usingizi zikiwemo. Mashine ya wati 350 ikiwashwa kwa muda huo hutumia uniti 5.25, yaani takriban uniti 157 kwa mwezi. Kaya iliyo katika kundi la bei nafuu la TANESCO, lenye ukomo wa uniti 75, itaufikia ukomo huo kwa wiki mbili hivi, kabla ya kuhesabu taa na redio. Hapo ndipo ndugu huanza kuizima mashine kwa kuwa mgonjwa anaonekana ana nafuu, ilhali nafuu hiyo imeletwa na mashine yenyewe.

Sola ndogo za taa na simu haziwezi kuiendesha. Kinga ya kweli ni silinda ya akiba: yenye lita 1,500 za gesi, kwa kasi ya lita 2 kwa dakika, hudumu saa 12 na nusu. Familia iulize mapema itajazwa wapi.

Mgonjwa aliyetibiwa Dar es Salaam apimwe upya akifika Chala, kwa kuwa hewa ya Uwanda wa Ufipa ni nyepesi kuliko ya pwani. Kasi ibadilishwe na mtaalamu pekee; kwa baadhi ya wagonjwa oksijeni ikizidi hudhuru. Mashine isikae karibu na jiko, mshumaa wala mvuta sigara, maana oksijeni huchochea moto. Kichujio cha vumbi kisafishwe kila wiki, na mara nyingi zaidi wakati wa kiangazi. Midomo ikigeuka bluu, au mgonjwa akisinzia kupita kawaida, apelekwe kituo cha afya mara moja, silinda ikiwa wazi njiani.