Utangulizi: Kusaka Kumbukumbu Inayovuja Katika Viendeshi

Programu ya kawaida ikichukua kumbukumbu bila kuirudisha, hasara yake ina mwisho: ukiifunga tu, mfumo unatwaa vyote ilivyokuwa ikivishikilia. Kiendeshi hakiko hivyo. Kinafanya kazi ndani ya kerneli yenyewe, na baiti iliyosahaulika humo hubaki imeshikwa mpaka mashine iwashwe upya. Chukua kiendeshi cha kadi ya mtandao kinachopoteza baiti 2,048 kila inapoingia pakiti mbovu. Ikiingia moja kila sekunde, kwa siku zimepotea karibu megabaiti 177. Kwenye seva isiyozimwa kwa miezi, huo ni msiba.

Kitabu hiki kinashughulika na Linux, kwa kuwa msimbo wake uko wazi na yeyote anaweza kuusoma. Na ukiusoma utaona kwamba mvujo haukai sana kwenye njia ya kazi za kila siku, maana hiyo hujaribiwa na kila mtumiaji. Hukaa kwenye njia ya kushindwa. Kifaa kinapochomekwa, sehemu ya kiendeshi iitwayo probe huomba kumbukumbu kwa kmalloc, kisha huomba kusajili laini ya ukatizaji. Ombi la pili likikataliwa, probe hurudisha namba ya kosa na kuondoka. Ile kumbukumbu ya kwanza je? Kama mwandishi hakuita kfree kabla ya kutoka, hakuna tena anayejua ilipo. Ukipewa saa moja tu ya kukagua kiendeshi, imalize yote hapo.

Dalili huonekana kwanza katika /proc/meminfo, mstari wa SUnreclaim ukipanda bila kushuka. Kumpata mkosaji ndiyo kazi. Mwaka 2009, toleo la 2.6.31 lilileta kmemleak, zana iliyoandikwa na Catalin Marinas. Huweka rekodi ya kila kipande kilichotolewa, kisha hupekua kumbukumbu kutafuta kielekezi chochote kinachokielekea. Kipande kisicho na kielekezi hutiliwa shaka, na ripoti hutaja msururu wa miito iliyokiomba. Ila kipande kilichosahaulika ndani ya orodha bado kina kielekezi, kwa hiyo zana hukipita. Hapo hakuna mbadala wa kusoma msimbo.

Wengi hukimbilia devm_kzalloc, inayofunga kumbukumbu na kifaa ili iachiliwe kifaa kinapoondolewa. Ni msaada mkubwa ndani ya probe. Lakini ukiiita kwa kila pakiti bila kuachilia mwenyewe, kumbukumbu itarundikana vilevile, na kmemleak haitasema neno.

Wewe unayeanza, jenga kerneli ya majaribio yenye CONFIG_DEBUG_KMEMLEAK, pakia kiendeshi kidogo na kukiondoa mara mia, kisha ufungue ripoti. Sura ya kwanza inaanzia kwenye ripoti hiyo.