Usiku mbili Tshivanga, na makala tuliyobeba wenyewe



Kuna mdogo wetu wa agronomia aliniuliza: kulala mu tante ndani ya parke inaomba nini? Si ni mambo ya wazungu? Nilimjibu kwa mdomo, haraka haraka, na jibu langu mwenyewe halikunipendeza. Basi leo naandika. Nitaeleza kambi ya namna hiyo inatumika vipi na kwa nini masharti yake ni makali kuliko mtu anavyofikiri. Nitasema pia kosa tulilofanya, maana ndani ya lile kosa nilijifunza zaidi kuliko ndani ya masharti.

Ilikuwa mwezi wa saba 2023, wakati wa kiangazi. Tulikuwa watu sita, wote na lisansi mfukoni, wanne bila kazi. Tulifanya kotisasio miezi mitatu. Kutoka Bukavu tulipita Mudaka, tukafika Miti, na pale barabara ya Tshivanga inaachana na ile ya Kavumu, inaanza kupanda. Unapita mashamba ya watu, halafu chai, halafu kinkina, na mara moja miti inakuwa mirefu na hewa inabadilika. Ni kilomita 30 na kitu tu kutoka mjini. Mimi nilizaliwa Bukavu na sikuwa nimefika pale hata siku moja. Kahuzi nilikuwa naiona kwa mbali, kama mtu anavyoona nyumba ya tajiri.

Kambi yenyewe usiifikirie kubwa. Ni kiwanja cha nyasi karibu na ofisi, mahali pa kuwasha moto, choo cha shimo, basi. Hakuna umeme wa kuchaji telefone, rezo inakuja na kwenda inavyotaka. Maji tulibeba wenyewe mu bido. Mmoja wetu alikuwa ameleta bafle ya muziki, na kabla hata hajaitoa mu sakoshi gadi alimwambia, kwa upole: "Hiyo ilale, mutoto yangu. Huku si kwetu." Nilifikiri ni maneno tu. Kumbe ndiyo maelezo yote ya kambi ile, mengine yote yanatoka hapo.

Tuanze na baridi, maana ndiyo inakamata wote. Kilele cha Kahuzi kiko mita 3.308, Tshivanga iko chini yake, lakini bado uko juu sana kuliko ziwa. Kiangazi, mbingu ikiwa wazi, joto la udongo linapanda moja kwa moja bila wingu la kulizuia, na saa tisa ya usiku utajua. Watu wanabeba blanketi tatu za kujifunika na hawaweki kitu chini. Ni kinyume. Udongo wenye unyevu unakunyonya joto mgongoni kuliko hewa, na blanketi unayoilalia inabanwa na uzito wako, haishiki tena hewa ndani yake. Beba makartoni na mikeka, weka chini mbili, juu moja. Na usikate nyasi ao majani ya kutandika. Acha pia mlango wa tante wazi kidogo: pumzi za watu watatu zinageuka maji, asubuhi nguo zote zimelowa na unaanza kusema tante inavuja.

Usiku wa kwanza, saa nne hivi, kitu kilipiga kelele mu miti. Si mlio wa ndege. Ni kama mtu anayekabwa shingo, inaanza polepole, inapanda, inapanda, halafu inakatika. Mwenzetu mmoja, mwanaume mzima, aliingia mu tante ya wasichana. Kumbe ni pelele, kanyama kadogo ka kama sungura asiye na masikio, kanakaa juu ya miti. Gadi walicheka mpaka asubuhi.

Sasa kosa letu. Ile jioni ya kwanza tulitoa mbabula na kigunia cha makala, kilo 15 hivi, tulichonunua njiani. Tulikuwa tumeambiwa kuni ya pori haiguswi, na tukajiona wajanja: tumebeba moto wetu. Gadi mmoja, mzee wa miaka hamsini na kitu, akaja kutusalimia. Akaangalia ndani ya kigunia. Akachagua kipande kimoja, akakiweka mkononi mwangu.

"Wewe ni agronome? Sema huyu ni muti gani."

Kilikuwa chembamba, kimejikunja kama kigae cha chungu, na katikati kina pete.

"Bambu, Papa."

"Bambu. Mulibeba parke ku mugongo, mukairudisha kwake."

Siwezi kuapa kwamba ile bambu ilitoka ndani ya parke. Kuna watu wanaopanda bambu ku mipaka ya mashamba yao, na vipande vingine ndani ya kigunia vilikuwa mikaratusi ya kawaida. Lakini misitu mikubwa ya bambu ya upande wetu iko ndani, juu ya milima, na sisi hatukuwa tumeuliza muuzaji hata swali moja. Tulikuwa tumeuliza bei.

Hapa niwafanyie hesabu, maana tulifundishwa na tunasahau. Makala ya tanuru ya udongo, ile ya watu wetu, inaomba kilo 5 mpaka 10 za kuni kavu ili upate kilo 1. Sababu ni kwamba sehemu ya kuni inaungua bure ili kupasha moto ile nyingine, na sehemu kubwa inatoka kama moshi. Chukua kilo zetu 15: ni kuni kati ya kilo 75 na 150. Kwa usiku mbili, maharagi, na chai. Kama tungeokota matawi makavu pale pale kwenye kiwanja, tungemaliza labda kilo 30, na ile ndiyo ilikuwa imekatazwa. Unaona ugumu? Sharti la kambi lilikuwa sawa, na sisi tulilifuata, na tukaharibu pori mara tatu zaidi, ila mahali ambapo hatukuona.

Na sharti si upumbavu. Mti uliokufa kwenye msitu wa mlimani haujamaliza kazi. Unashika maji kama sponji wakati wa kiangazi, ndani yake kuna wadudu na uyoga, na ukioza polepole unarudishia udongo chakula chake. Watu sita kwa wikendi wakiokota, si kitu. Lakini kambi inapokea watu kila mwezi, kila mmoja na "tawi moja tu", na baada ya miaka michache unapata duara la udongo mtupu kuzunguka kiwanja. Moto wenyewe unawashwa mahali pamoja tu, pale penye mawe, kwa sababu ya mboji: ile tabaka nyeusi ya majani yaliyooza inaweza kushika moto chini kwa chini bila kuonyesha ndimi, na kutokea mbali ulipokwisha kulala.

Bambu nayo ina mambo yake. Ukikata mti mkubwa, mzizi unachipua tena. Kwa upande wa kilimo si dhambi. Shida ni machipukizi. Yanatoka mvua inaporudi, na magorila ya pale yanayafuata, ndiyo chakula yanachopenda kipindi kile. Wakataji wakipita wakati huo huo, wanakanyaga, wanavunja, na gorila anakuta mahali pamegeuka njia ya watu.

Takataka ni hivyo hivyo. Mwenzetu alitupa ganda la ndizi na kokwa la avoka nyuma ya tante, akasema: itaoza, ni mbolea. Kwenye shamba la Bukavu, ndiyo. Kule juu vidudu vya udongo vinafanya kazi polepole kwa sababu ya baridi, na ganda linakaa muda mrefu. Lakini hata si hiyo kubwa. Kubwa ni mate yako. Gorila ni karibu sana na mtu, anashika mafua yetu na kuhara kwetu, na hana dawa. Ndiyo maana wageni wanaoenda kuyaona wanafunikwa barakoa na kuwekwa mbali. Ndiyo maana tena choo ni cha shimo kirefu, majivu juu yake kila mara, mbali na maji. Mu pori hapana "nitajificha nyuma ya mti". Kila kitu ulichopanda nacho kinashuka nawe ndani ya sashe, hata kokwa.

Siku ya pili tulitembea na mpisteri, Mutwa. Alikuwa anasoma majani kama sisi tunavyosoma ukurasa: hapa walilala, hapa mkubwa alikaa, hii ni ya jana. Wapisteri wa kwanza, wale waliozoesha magorila kuona watu miaka ya 1970, wengi walikuwa Batwa. Nikamuuliza, kwa ujinga wangu, kama anapenda hiki kimya. Alitembea kwanza. Halafu akasema: "Mama yangu alizaliwa huku ndani. Hapakuwa kimya."

Hili nataka mlishike, maana kwenye masomo yetu lilipita kwa mstari mmoja. Parke iliundwa 1970, na 1975 ikapanuliwa kutoka kilomita za mraba 600 mpaka 6.000. Batwa waliokuwa wanakaa mu msitu wa juu walitolewa bila kupewa ardhi nyingine. 1980 UNESCO ikaiandika kati ya urithi wa dunia, na 1997 ikaiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. 2018 sehemu ya Batwa walirudi ndani kwa nguvu, na watu walikufa, wa pande zote mbili. 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ikatangaza kwamba nchi yetu ilivunja haki zao. Kwa hiyo unapolala pale na kusema "ah, utulivu", huo utulivu si hali ya asili kama ukungu. Kuna watu wanaoulinda kwa bunduki na wamepoteza wenzao, na kuna watu waliotolewa ili uwepo. Mimi nadhani msitu ule ulindwe, na nadhani Batwa walidhulumiwa, na sijapata njia ya kusema moja bila ile nyingine.

Asubuhi ya kuondoka niliamka mapema. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye nyasi. Barabara ya Bunyakiri inakata parke, na toka kwenye kiwanja unasikia nani anapita: kamio moja, halafu muda mrefu bila kitu, halafu nyayo. Wamama walikuwa wanashuka na mizigo mgongoni, kamba ku kipaji cha uso, wameinama. Sikuona walibeba nini. Mmoja alitusalimia kwa Mashi, tukamjibu.

Ndiyo, mdogo wetu, inawezekana, na si ya wazungu tu. Lakini tangu vita ilipofika Bukavu mwezi wa pili 2025 sitamwambia mtu yeyote apange safari kule. Haya ninaandika kwa siku ile njia itakapofunguka. Siku hiyo uliza kwanza kwenye ofisi ya parke, kamwe usiingie kwa njia ya pembeni, na uende na jiko la gazi dogo, mchange wote.

Yule mzee alituacha tupike na makala yetu, maana chakula kilikuwa kibichi na usiku umeingia. Ila alisema kinachobaki kirudi nasi, kama takataka zingine. Kilibaki nusu ya kigunia. Wenzangu walikuwa na aibu nacho, hivyo nikakibeba mimi mpaka nyumbani. Mama alikipokea mlangoni, akatoa kipande, akakigonga na kucha, akasikiliza.

"Hii ni ya muzuri," akasema. "Ulinunua ngapi?"

Nikamwambia bei. Akaniuliza mahali.